Tunauza au hatuuzi? Hesabu ya kugomea bei mnadani

Kila msimu wa korosho, kwenye minada ya Nachingwea na Ruangwa, inafika saa ambayo neno ni la wakulima. Zabuni zimeshafunguliwa. Zamani zilikuwa barua ndani ya sanduku lenye kufuli, na mtu alisimama mbele ya watu akazisoma moja moja: jina la kampuni, tani inazotaka, bei kwa kilo. Tangu msimu wa 2024/25 bei zinapitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na watu wanazitazama kwenye skrini. Swali lakini ni lile lile. Bei ya juu imetajwa, ya chini imetajwa, uwanja mzima umeanza kunong'ona, na wakulima wanaulizwa: tunauza au hatuuzi?

Makala haya ni kwa ajili ya mtu atakayekuwa ameketi pale: mwenyekiti au katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), mjumbe aliyetumwa na wenzake, au mkulima aliyekuja kusikiliza jasho lake linauzwa shilingi ngapi. Kukataa bei ni haki yake na inafaa ilindwe. Ila haki hiyo ina gharama, na mara nyingi gharama hulipwa na watu ambao hawakuwepo uwanjani siku ile.

Tuanze na jambo ambalo halisemwi waziwazi. Korosho ghafi za wilaya hizi huuzwa kwa stakabadhi ghalani, utaratibu uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho mwaka 2007. Mzigo ukishapokelewa AMCOS na kusogezwa ghala kuu chini ya chama kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, njia halali ya kuutoa ni mnada. Mkulima hana mlango wa pili. Kwa hiyo anaposema "hatuuzi", maana yake ni "hatuuzi leo". Mnunuzi anajua hivyo. Kugoma kwetu, mara nyingi, ni kupiga mkwara: tunamwonyesha mwenzetu kwamba tunaweza kukaa bila yeye, tukitumaini ataamini na kupandisha bei kabla hatujalazimika kurudi mezani. Mkwara si dhambi. Ni silaha, na silaha yenye risasi chache.

Wapo watu waliochunguza mkwara kwa kalamu na karatasi, nao ni wachezaji wa poka. Katika aina ya poka iitwayo hold'em yenye dau la kikomo, karata ya mwisho ikishafunuliwa mezani hakuna tena bahati ya kusubiri. Mwenye karata mbovu ana njia moja tu ya kushinda: aweke dau, na mpinzani wake aogope na kutupa karata. Na kwa kuwa dau lina kikomo, hawezi kumtisha kwa fungu kubwa la fedha. Chukua mfano. Mezani zimekusanyika shilingi 60,000, na dau la mwisho ni 10,000. Anayepiga mkwara anahatarisha 10,000 ili apate 60,000. Akijaribu mara saba, akashindwa sita, amepoteza 60,000. Ile moja aliyofanikiwa inamrudishia 60,000. Ametoka sare. Mpinzani akitupa karata zaidi ya mara moja katika saba, mkwara umelipa. Akitupa pungufu ya hapo, hasara.

Hesabu hiyo ni ya kweli kiasi kwamba programu ya kompyuta iitwayo Cepheus, ya Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, ilifikia kupiga mkwara yenyewe. Watafiti wake walitangaza mwaka 2015 kwamba mchezo huo, ukichezwa na watu wawili, umekwisha kupatiwa ufumbuzi kwa vitendo. Hakuna aliyeifundisha programu ile ujanja. Ilicheza na nafsi yake mara nyingi mno, hesabu ikaifikisha hapo. Simwiti mtu kwenye kamari. Nachukua maswali matatu tu ambayo mchezaji mzoefu hujiuliza kabla ya kuweka dau: nikishindwa napoteza kiasi gani, nikifaulu napata kiasi gani, na huyu aliye mbele yangu ni mtu wa kutupa karata au si mtu wa kutupa?

Swali la kwanza ndilo tunaloliruka zaidi. Tuseme bei ya juu leo ni 2,800 kwa kilo, nanyi mnataka 3,000. Kusubiri wiki moja kuna gharama hata bei isiposhuka. Korosho zinaendelea kukauka ghalani na uzito unapungua. Huo ndio unyaufu, na kila msimu huzua maneno kati ya AMCOS na mwenye ghala. Aliyekopa pembejeo riba yake inatembea. Weka yote hayo kuwa shilingi 20 kwa kilo kwa wiki. Kila chama kipige hesabu yake. Sasa, kama mnaamini kwamba wiki ijayo bei ama itapanda 200 ama itabaki hapo hapo, mkifaulu mnapata 180 safi, mkishindwa mnapoteza 20. Hapo inatosha mkwara ufanikiwe mara moja tu katika kumi. Gomeni.

Lakini mara nyingi bei haibaki ilipo. Ikiwa inaweza kupanda 200 au kushuka 150, basi mkifaulu mnapata 180 na mkishindwa mnapoteza 170. Sasa mnahitaji kufaulu karibu nusu ya mara zote. Mkwara ni ule ule, uwanja ni ule ule, sauti ni zile zile, lakini wa kwanza ni wa busara na wa pili ni wa kurusha shilingi hewani. Kinachoutenganisha mmoja na mwingine ni jibu la swali moja: bei ikishuka, itashuka kiasi gani? Mjumbe asiyeweza kulijibu hilo hata kwa kukadiria asiinue mkono wa kugoma.

Nani anaweza kupanda?

Mnunuzi hapandi kwa sababu tumekasirika. Anapanda akiwa na nafasi ya kupanda na sababu ya kuogopa kukosa. Nafasi yake tunaweza kuikadiria kwa kuhesabu kinyumenyume kutoka bandarini Mtwara.

Tuseme korosho ghafi zinanunuliwa bandarini kwa dola 1,500 kwa tani, na dola moja ni shilingi 2,500. Hiyo ni 3,750 kwa kilo. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje uliwekwa na sheria kuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, na kinacholipwa ni kile kilicho kikubwa. Ulizeni Bodi ya Korosho kiwango cha msimu wenyewe. Kwa mfano wetu asilimia 15 ni shilingi 562. Zinabaki 3,188. Toeni usafiri wa lori kutoka Nachingwea hadi Mtwara, magunia, ushuru wa halmashauri, gharama za bandari na riba ya benki, tuseme 250. Zinabaki kama 2,938. Mpeni faida yake, maana hajaja kutembea, na dari yake inakuwa karibu 2,850.

Zabuni ya juu ikisoma 2,600, juu yake kuna nafasi ya shilingi 250, na mkwara una kitu cha kukamata. Ikisoma 2,820, mnamtisha mtu aliyekwisha kuegemea ukuta. Anaweza kutaka kuwapa, lakini hana. Bei ya bandarini huulizwa kwa watu: bodi, maofisa wa RUNALI, hata madereva wanaosikia mazungumzo ya wasafirishaji. Chama kinachokwenda mnadani bila kuijua kinapiga mkwara gizani.

Sababu ya kuogopa iko kwenye kalenda. Korosho zetu zinaingia sokoni Oktoba hadi Januari, wakati ambapo Afrika Magharibi hawana mavuno mapya. Kodivaa, ambayo inaongoza duniani kwa wingi wa korosho ghafi, huanza kuvuna karibu na Februari. Viwanda vya Vietnam na India vinavyotaka mzigo mpya mwezi Novemba havina sehemu nyingi za kwenda: kuna sisi, kuna majirani zetu wa Msumbiji, na wachache wengine. Huo ndio wakati mnunuzi anayelala bila mzigo analala vibaya. Kadiri Februari inavyosogea, hofu inahama kutoka kwake kuja kwetu. Mkwara wa Novemba na mkwara wa mwisho wa Januari, hata ikipigwa na watu wale wale kwa maneno yale yale, haina uzito mmoja.

Na ubora pia unasema. Wanunuzi huchukua sampuli, wakakata korosho kwa kisu moja baada ya nyingine, wakatenga kiini kizima na kilichooza, kisha wakapima. Matokeo husemwa kwa paundi za kiini kinachofaa katika gunia la kilo 80: mzigo wa paundi 50 unagombaniwa, wa 45 unapatiwa bei ya huruma. Mzigo wa mwanzo wa msimu, uliookotwa kwa wakati na kuanikwa vizuri, ndio wenye ubavu wa kugoma. Mzigo ulionyeshewa na mvua za Desemba ukikataa bei, wiki ijayo utakuwa mbaya zaidi, na mnunuzi atakuja na kisu chake kile kile.

Kuna namba nyingine ambayo watu huiacha ipite huku wakisikiliza bei tu. Ni jumla ya tani zinazotakiwa na wanunuzi, ukilinganisha na tani zilizo kwenye orodha ya mauzo. Kama ghalani kuna tani 3,000 na zabuni zote zikijumlishwa zinataka 7,000, kuna kampuni zitakazoondoka mikono mitupu, na hizo ndizo zitakazopanda wiki ijayo. Kama zabuni zinataka tani 2,000 tu wakati nyinyi mnazo 3,000, wenye hofu ni nyinyi. Andikeni namba hizo mbili kwenye daftari kabla ya kubishana juu ya kitu kingine chochote. Kumbukeni pia kwamba mzigo uliokataliwa hauondoki: unarudi kwenye orodha ya wiki ijayo pamoja na mpya ulioingia, na katikati ya Novemba magunia yanaingia kwa wingi. Mkigoma leo na tani 3,000, mnaweza kurudi na 6,000 mbele ya wanunuzi wale wale.

Mwaka 2018

Hakuna aliyesahau msimu wa 2018/19. Mwaka mmoja nyuma bei ilikuwa imepita 4,000 kwa kilo. Minada ya mwanzo ya Oktoba 2018 ikaja na bei ambazo nyingi zilikuwa chini ya 3,000, na wakulima wa kusini wakakataa. Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, akakutana na wanunuzi. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na magari ya Jeshi la Wananchi yakaanza kusomba magunia. Mwezi Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, lakini haukutekelezwa.

Wapo wanaousimulia msimu ule kama ushahidi kwamba kugoma kunalipa, kwa sababu walipata 3,300 badala ya zile bei za mwanzo. Ukiutazama vizuri, mnunuzi hakutupa karata. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka, dari yake ilikuwa imeshuka nayo, na aliyebadilisha mambo alikuwa mtu wa tatu, serikali yenyewe. Mjumbe wa leo hawezi kuweka hilo kwenye hesabu yake. Na hata 3,300 haikuwa 3,300 kwa kila mtu: malipo yalipitia uhakiki, na wengi walingoja miezi. Fedha ya Novemba na fedha ya Aprili hazifanyi kazi moja kwa mtu ambaye palizi na salfa zinamngoja, na mtoto anatakiwa shule Januari.

Hapo ndipo mkwara wetu unapotofautiana na wa karata. Mchezaji wa poka anahatarisha fedha yake mwenyewe. Mnadani, wanaonyoosha mikono ni wachache, na wanaosubiri ni maelfu. Mwenye ekari hamsini na duka mjini anaweza kungoja mwezi. Mjane wa Mbekenyera mwenye magunia matatu na mgonjwa ndani hawezi kungoja wiki. Kila mnada unapogomewa, watu wa kangomba hupita jioni kwenye vijiji wakiwa na fedha mkononi na kipimo kinachozidi kilo, na wanaouza kwao ni hao hao wasio na uwezo wa kungoja. Biashara hiyo imekatazwa, wala siitetei. Nasema tu kwamba chama kinapoamua kugoma kimewasukuma baadhi ya wanachama wake mlangoni kwa mtu wa kangomba, na hiyo pia ni gharama ya kuandikwa kwenye hesabu. AMCOS yenye akiba kidogo ya kuwakopesha wanachama walio taabani kwa wiki mbili ina nguvu ya kugoma kuliko AMCOS yenye wasemaji hodari.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla ya siku ya mnada, mkutanoni kijijini, watu wakiwa wametulia. Kubalianeni juu ya namba moja: chini ya shilingi kadhaa tunakataa, ikifika hapo tunauza. Iandikwe kwenye muhtasari na mjumbe aende nayo. Namba itoke kwenye hesabu ya bandarini, isitoke kwenye bei ya mwaka jana wala bei ya Tandahimba iliyosikika redioni, kwa maana mzigo wa Tandahimba una paundi zake na umbali wake hadi Mtwara. Namba hiyo isitangazwe uwanjani. Mnunuzi akijua kwamba mnakubali kwa 2,750 hataandika 2,800 hata kidogo.

Uwanja wenyewe una hatari yake. Zabuni ikisomwa chini kuliko watu walivyotarajia, mmoja anapaza sauti "hatuuzi!", kumi wanaitikia, na ghafla mwenye wasiwasi anaona aibu kusema anataka kuuza. Mwenyekiti mwenye busara hapo huomba robo saa. Wajumbe wakae pembeni, wasome namba zao tatu: bei ya juu, dari tuliyokadiria, tani zinazotakiwa dhidi ya tani zilizopo. Halafu warudi na jibu moja. Kelele zilikuwa na kazi kidogo wakati wanunuzi walikuwa wamesimama pale pale wakitutazama usoni. Kwa mfumo wa TMX mnunuzi anaweza kuwa ameketi ofisini Dar es Salaam. Haoni ngumi zetu, anaona tani, ubora na neno "wamekataa".

Na neno hilo linachakaa. Wanunuzi wanatunza kumbukumbu kuliko sisi. Chama kilichogoma mara tatu mfululizo kisha kikauza kwa bei ile ile ya kwanza kimewafundisha kwamba "hatuuzi" yake ni ya kusubiriwa tu. Mwaka unaofuata hata kikiwa na haki, watakingoja. Afadhali kugoma mara moja kwa msimu, mapema, mzigo ukiwa mzuri na mahitaji yakizidi tani zilizopo, na kushika msimamo hadi mnada unaofuata. Mwisho wa Januari, mwenye mzigo wa wastani auze, hata bei ikiwa inamuuma. Uchungu huo ukitazamwa wiki tatu baadaye, Kodivaa wakiwa wameanza kuvuna, mara nyingi ni mdogo.

Mkishagoma, kazi ya ghalani inaanza alasiri ile ile. Mkague kama magunia yako juu ya chaga au yamelala sakafuni, kama paa linavuja, kama yaliyo chini hayajashika unyevu. Mwulizeni meneja wa ghala gharama ya hifadhi inahesabiwa kuanzia siku gani na nani anabeba unyaufu, na jibu liwe la maandishi. Wapelekeeni wanachama taarifa kwa namba kamili: bei iliyokataliwa, sababu, na tarehe ya mnada unaofuata. Mwanachama anayejua anangoja nini hauzi gunia lake usiku kwa woga.

Ufuta wa katikati ya mwaka unafuata hesabu hii hii, ila gharama ya kungoja ni ndogo kidogo kwa kuwa ufuta mkavu na safi unavumilia ghala. Mbaazi ni jambo jingine kabisa. Soko lake linategemea mno India, na mwezi Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei huku ilianguka vibaya na mbaazi zikadoda vijijini. Siku kama hiyo hakuna mkwara wa kupiga, kwa sababu upande wa pili wa meza hakuna mtu. Kwa mbaazi, kabla ya kuweka namba ya kukataa, ulizeni kwanza ruhusa ya India ya kuingiza mbaazi inaishia mwezi gani, na meli inachukua siku ngapi kufika.